Motere Iliyokataa Kwenda Bendera

Kalemie, kartie Kataki
Tarehe 12 mwezi wa tatu 1992

Yaya Dorothée mupendwa,

Nakusalimia sana wewe, shemeji na watoto. Kikohozi cha Noëlla kimeisha? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba kinamukatisha usingizi, na tangu pale namutaja binti yako kila ninaposali. Na shemeji, kazi yake bado iko, ao na wao wamefunga milango kama wengine? Hapa tunasikia tu kwamba Lubumbashi mambo ni magumu, lakini kila anayeshuka kwenye treni anasema kivyake.

Sisi tuko. Papa yuko, Mama yuko, mimi niko. Kama ungekuwa mugeni ningeandika kwamba wote ni wazima, tunamushukuru Mungu, na ningeishia pale. Lakini wewe si mugeni, na hii habari nimekaa nayo tumboni mpaka imeanza kuninyima hamu ya chakula. Ukae kwanza, Yaya. Usisome umesimama.

Unajua shule zimefungwa tangu mbele ya Noeli. Walimu wote tumekaa nyumbani, mushahara hauji, na wazazi waliokuwa wakituchangia nao wamechoka. Basi nimerudia kazi yangu ya utoto, kumushikia Papa funguo. Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka kwamba siku ya harusi yangu padri atashindwa kunivalisha pete kwa sababu ya grese? Ile kazi ilikuwa ya kaka yetu Jérôme, na alikuwa ameijua vizuri. Lakini tangu ziwa lilipomuchukua, Papa amekuwa akiniita mimi. Anapaza sauti akiwa chini ya kamioneti, mimi naleta anachotaka, na jina la Jérôme hatulitaji. Mama mwenyewe hajalitamka hata mara moja tangu tulipomuzika. Ulikuwepo, uliona.

Kamioneti yetu ya buluu bado inatulisha. Papa ana njia mbili. Anaenda Kabimba, pembeni ya ziwa, kuwapelekea chakula watu wa kiwanda cha simenti, na anarudi siku ileile. Na anaenda Bendera, nyuma ya milima, na ndagala za ziwa, chumvi na sabuni, kisha anarudi na muhogo, maharagi na mawese. Kule Bendera analala, mara siku moja, mara mbili. Imekuwa hivyo miaka mingi, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu ile barabara unaijua.

Mwezi wa kwanza njo motere ya kamioneti ilianza kuugua. Papa alitoka asubuhi kwenda Bendera, na jioni tukamuona amerudi, abiria wamepanda juu ya muzigo wamekasirika, wengine wametembea kwa muguu. Alisema kwenye tambarare motere ilikuwa inaenda vizuri, lakini ikikuta mulima inaanza kuruka-ruka kama muntu mwenye kwikwi, inatetemeka, inapiga risasi nyuma, nguvu zinaisha, inazima. Ukiiacha ipumzike kidogo inawaka tena kama haikuwa na kitu. Ukienda mbele kidogo, ni yaleyale.

Nilianza kama yeye alivyotufundisha: kwanza moto, kisha chakula. Nikatoa buji zote nne zinazowasha cheche. Zilikuwa nyeupe na kavu kama meno ya mbuzi, na ile ni alama ya motere yenye njaa, kwa sababu ikishiba mafuta yake ya esansi zinakuwa nyeusi. Nikafungua delko inayogawa moto kwa buji, nikapangusa, nikaona cheche ni za buluu na zina nguvu. Basi moto uko, chakula njo hakifiki. Nikafuata tiyo inayopitisha esansi mpaka kwa filtre, kile kikopo kidogo cha kuchuja kati ya tanki na pompu. Nikaitoa, nikaweka mudomo, nikapuliza. Pumzi haikupita. Nikapuliza mpaka masikio yakauma, hakuna.

Papa alinunua filtre mupya kule soko, nikaiweka, nikaangalia mushale wake uelekee motere, nikafunga vizuri. Nikasukuma pia hewa ndani ya tiyo, nikamwaga esansi iliyokuwa chini ya tanki. Kamioneti ikawaka na sauti yake ya zamani. Papa alifurahi, akanizungusha nayo mpaka Lubuye na kurudi, na kwenye meza akaniwekea paja la kuku mbele ya sahani yangu. Mama hakula sana siku ile. Nilifikiri ni lile jino lake.

Ile filtre ya zamani niliikata kwa kisu. Ndani mulikuwa tope jeupe linaloelekea majivu. Papa akaangalia, akasema esansi ni chafu. Basi tukaenda kwa Papa Cyrille, baba yangu wa ubatizo, ambaye anauza esansi kule ufukweni, ile inayotoka Kigoma kwa maboti. Hakukasirika. Alichota ndani ya glasi, akainyanyua kwenye jua, tukaona ilivyo safi. Akasema labda tulipewa ya chini ya pipa, akatuongezea bidoni ndogo ya esansi kwa urafiki, na wakaagana na Papa wakicheka.

Tukaenda Kabimba mara mbili, mimi nimekaa kando ya Papa nikisikiliza. Motere ilienda kama maji. Kisha Papa akaenda Bendera peke yake, na pale kwenye mulima uleule ikamufanyia vilevile. Alirudi anavutwa na lori la watu wa mbao. Nikatoa filtre tena, nikaikata tena, na ndani tope ni lilelile.

Yaya, pale Papa alikasirika namna sijawahi kumuona. Alienda ufukweni na ile filtre mukononi, akasema mbele ya watu wote kwamba Cyrille anachanganya vitu ndani ya esansi, kwamba anaua magari ya watu. Papa Cyrille alimujibu tu, “Siméon, unanijua.” Papa akasema kwamba alifikiri anamujua. Wanajeshi waliokuwa pale wakasikia, na wale unawajua, hawatafuti sababu mara mbili. Walibeba mapipa yote wakisema wanaenda kuyachunguza. Mpaka leo bado wanachunguza. Papa Cyrille anakaa kwenye ubao wake, mbele yake hakuna kitu, na watu wakipita wanageuza uso. Huyu njo aliyebeba jeneza la Jérôme upande wa mbele, siku Papa aliposhindwa kusimama.

Mimi kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua. Esansi ni moja, tanki ni moja. Juu ya nini tukienda Kabimba hakuna shida, na tukisema Bendera tu tope linaingia? Nilimwambia Papa, akasema ni sababu ya mulima. Nilimwambia Mama, alikuwa anachunga unga nyuma ya nyumba. Alichunga kwanza mpaka akamaliza, kisha akasema, “Labda motere ina akili kupita watu.” Nilicheka. Nilifikiri anataka kunichekesha.

Safari ya tatu nikasema lazima niende. Papa alikataa. Alisema kule hakuna mahali pa musichana kulala, njia ina matope, bariere za wanajeshi ni nyingi. Nikasema, na motere ikizima, utaisukuma na nani? Mama alikuwa anafunga chakula cha njia. Bila kugeuka akasema, “Uende naye, Siméon. Ao kuna kitu?” Papa akasema hakuna kitu.

Basi tukaondoka. Nilisafisha filtre njiani mara mbili, mikono ikapasuka kwa esansi, lakini tulifika. Kule Bendera Papa aliniacha kwa Mama Marceline, yule anayetuletea mawese, akasema anaenda kutafuta muhogo wa bei nzuri na atalala kwa rafiki. Mama Marceline alinipokea vizuri, lakini aliniangalia sana. Kila nikigeuka nakuta macho yake.

Asubuhi, nikiwa bado nafungua bone, kile kifuniko cha motere, nikamuona Papa anakuja anakimbia. Yaya, tangu nizaliwe sijaona Papa kukimbia. Nyuma yake alikuwa mwanamuke amebeba mutoto ndani ya kitenge. Papa aliniambia ni mugonjwa, kule dispansari wameshindwa, lazima afike hospitali ya Kalemie leo. Nikauliza muhogo. Akasema niuache. Magunia yalikuwa yamekwisha kulipwa na yamesimama pale, na tukayaacha.

Tulikaa watatu mbele, Papa kwenye usukani, yule mwanamuke katikati, mimi kwenye mulango. Anaitwa Emerance. Labda ananipita miaka michache tu. Mutoto ni wa kama miaka mitano, mwili wake ulikuwa moto kama sufuria, macho yamepinduka, na kila mara mikono inajikunja na kutetemeka. Niliwaza moyoni kwamba Papa ana roho nzuri, ameacha biashara yake kwa mutoto wa watu. Kweli niliwaza vile.

Tulipoanza kupanda mulima, mvua ikaanza, na motere ikaanza kwikwi yake. Papa akabadilisha vitesi, akaibembeleza, akaisemesha kama punda. Ikaruka mara tatu, ikazima. Nikashuka. Nilikuwa na filtre mupya moja tu, nikaiweka, ikatupeleka hatua kidogo, ikajaa. Nikaitoa, nikapuliza, tope likanirukia mudomoni. Nikaweka tena, tukaenda kidogo, ikazima tena. Mutoto akaanza kujikunja kupita mwanzo, na yule mama akawa anamupiga-piga mashavu na kulia. Akaita, “Jérôme! Jérôme, usilale! Jérôme!”

Yaya, nilikuwa na tiyo mukononi. Niligeuka kuangalia nyuma, kwenye barabara, kama mujinga, kutafuta ni nani anaitwa. Kisha nikamwangalia mutoto. Zile nyusi zinazokutana katikati, unazijua, wewe unazo, mimi ninazo. Nikamwangalia Papa. Alikuwa amesimama kwenye mvua, kofia mukononi, anaangalia barabara.

Sikuuliza. Hakukuwa na muda wa kuuliza. Nilimwambia tu, “Papa, lete bidoni.”

Tulikuwa na bidoni moja ya akiba, esansi ambayo haikuwa imeingia ndani ya tanki. Nikaona hakuna njia ingine ila kuacha tanki na pompu vyote, na esansi ishuke yenyewe kutoka juu. Yule Emerance alifungua kitambaa cha kichwa chake bila kuambiwa, tukachungia esansi kwa usalama. Papa akapanda juu ya kabine, akalala kifudifudi, bidoni ameikumbatia. Tiyo ikashuka mpaka kwa karbiratere, pale motere inapokunywea, bone nikaifunga nusu na kamba. Nikashika usukani mimi. Ikawaka. Haikuwa sauti nzuri, lakini haikuzima. Na namna ile njo tulishuka milima, mvua inanyesha, Papa juu ya paa na miaka yake yote ile, kila tukipita shimo nasikia mwili wake unagonga mabati. Mara anapiga paa kwa kiganja, polepole, mara anapiga, ongeza. Hakuna neno lingine tulisemezana mpaka Kalemie. Magaribi tulikuwa hospitalini.

Ni malaria iliyopanda kwa kichwa. Wakamuweka maji na kinini. Alikaa siku nyingi bila kufungua macho, na mimi nilikuwa napeleka uji kwa yule mama, kwa sababu hana muntu hapa. Sasa ameamuka, anajua mama yake, anataka chai. Lakini mukono na muguu wa kushoto havina nguvu. Nilimuuliza dokta kama tungefika mapema ingekuwa tofauti. Alisema labda, na labda ingekuwa vilevile, hakuna anayeweza kujua. Yaya, ile “hakuna anayeweza kujua” njo inakula hii nyumba.

Ile siku tuliyofika, Papa aliingia amelowa mpaka mifupa. Mama alimupa nguo kavu, akamuwekea chakula, akauliza ni kitu gani kimetuchelewesha. Papa akasema tulileta mutoto mugonjwa. Mama akauliza ni mutoto wa nani. Papa akasema wa abiria. Mama akabaki amesimama na kijiko cha supu mukononi. Sura yake ilibadilika, lakini nilifikiri ni kwa sababu amejua kuhusu yule mwanamuke. Sikujua ni kwa sababu ya ile neno mugonjwa.

Kesho yake nilishusha tanki. Nilichoka kubadilisha filtre, nilitaka kuona ugonjwa wenyewe. Nilimwaga yote, na chini kabisa mulikuwa tope jeupe, zito, limeganda kwenye kona. Sasa nikaelewa mambo ya ile kwikwi: motere ikivuta kwa nguvu, tope linapanda linaziba, ukizima, linashuka linakaa. Nikalipakua kwa kijiko, nikalitandaza juu ya bati kwenye jua. Esansi ikaruka yote. Iliyobaki ilikuwa nyeupe, laini, nikaisugua kwa vidole. Haikuwa muchanga, haikuwa chokaa ya Kabimba. Nilifikiri nimejua, lakini nilitaka kuwa na hakika. Nikaweka kidogo ndani ya bakuli, nikaingia jikoni. Maji ya Mama ya kusonga bukari yalikuwa yanachemka. Nikachota kikombe, nikamwaga, nikakoroga. Ikaanza kushikana. Ikawa nzito, ikang'aa, inavutika kama muhogo.

Nyuma yangu Mama akasema, “Françoise, acha kupika ile. Ni mimi.”

Alikaa kwenye kibao chake, akaniambia yote bila kulia. Ya mwanamuke alijua tangu zamani. Papa alirudi siku moja na kifungo cha shati kimeshonwa kwa uzi wa kijani, na nyumbani kwetu hatuna uzi wa kijani. Alimeza. Alisema mwanamuke akifika miaka ile anajua kumeza. Lakini mbele ya Noeli Mama Marceline alileta mawese, na katika kuzungumza akasema namna Jérôme mudogo anavyokua, anavyofanana na Papa Siméon, akifikiri Mama anajua. Mama alimulipa mawese yake, akamusindikiza mpaka barabarani. Kisha akarudi akakaa ndani ya chumba mpaka jua likashuka.

Aliniambia hivi, na naandika kama alivyosema: “Mwanamuke, sawa. Mutoto, sawa. Lakini jina la mutoto wangu amelibeba akaenda kulilaza kwenye nyumba ya mwingine.”

Basi kila asubuhi Papa anaposema Bendera, wakati anakunywa chai, Mama alikuwa anatoka na kikombe cha unga wa muhogo chini ya kitenge, anaumwaga ndani ya tanki. Nilimuuliza kama hakufikiria kwamba motere inaweza kuzima mahali pabaya, watu wakafa. Akasema, “Nilitaka asifike. Sikuwaza kurudi.” Kisha akaniuliza kama mutoto amechezesha mukono leo. Tangu siku ile ananiuliza kila nikitoka hospitali, hata mbele sijavua viatu.

Sasa Yaya, kwa sababu ile njo nimeanza kukuandikia. Papa bado anamulaani Papa Cyrille kila asubuhi. Mimi najua Papa Cyrille hana kosa. Nikinyamaza, muntu muzuri anaharibika. Nikisema, namuuza Mama. Wewe njo mukubwa wetu, na unajua kusema na wote wawili kuliko mimi. Nitatafuta muntu wa treni wa kukuletea hii barua, na nitangoja jibu lako kabla ya kufungua mudomo.

Tarehe 17

Yaya, sikupata muntu wa treni, na barua ilibaki chini ya godoro. Sasa naongeza, kwa sababu mambo hayakutungoja.

Juzi Jumapili, baada ya misa, Mama alimufuata Papa Cyrille pale nje ya kanisa, akamuomba aje nyumbani. Alikuja akisita. Papa alipomuona kwenye mulango alinyanyuka ili atoke. Mama akamwambia, “Ukae, Siméon. Si yeye aliyeharibu motere yako. Ni mimi. Nilikuwa natia unga.”

Papa Cyrille aliangalia chini. Nilingoja Papa apige kelele, ao avunje kitu, na nilisogea karibu na Mama. Lakini Papa alikaa tena, polepole, kama muntu anayetafuta kiti gizani. Akauliza tu, “Unga wa muhogo?” Mama akasema ndiyo. Papa akatikisa kichwa muda murefu, kama anahesabu milima yote aliyosukuma. Hakuuliza juu ya nini. Angeulizaje? Kuuliza tu kungekuwa kujibu.

Mama njo alisema. Alisema, “Ungemupa jina ingine. Majina ni mengi.”

Papa akafunika uso kwa mikono yote miwili. Sauti yake ilitoka katikati ya vidole. “Hapa nyumbani hamukutaka tulitaje,” alisema. “Nilitaka mahali pa kuliita.”

Yaya, mimi nilitoka nje. Papa Cyrille pia alitoka, tukasimama pembeni ya kamioneti. Alinipa leso yake. Baadaye Papa alitoka, macho mekundu, akamwambia Papa Cyrille waende pamoja ufukweni. Pale mbele ya wauzaji na wavuvi alisema alimusingizia rafiki yake, kwamba uchafu ulitoka nyumbani kwake mwenyewe. Watu waliuliza namna gani, akasema ni nyumbani kwake, basi. Papa Cyrille alishika mukono wake. Lakini mapipa hayakurudi, na urafiki wao sijui kama utakaa kama zamani. Wanasalimiana.

Jana Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka, akaniambia nimupeleke hospitali. Nilifikiri anataka kumuona yule mwanamuke. Hapana. Alisimama kwenye mulango wa sale wanamolala watoto wagonjwa. Emerance alimuona, akaniona mimi kando yake, akamujua, akanyanyuka na kurudi nyuma mpaka kwenye ukuta. Mama hakumuangalia. Alimuangalia mutoto, alikuwa amelala anaangalia dari. Mama akafungua mudomo, mara ya kwanza hakuna kitu kilichotoka. Mara ya pili akaita, “Jérôme.”

Mutoto akageuza kichwa, akamuangalia. Akasema, “Mama?” kama vile watoto wanavyoitikia muntu mukubwa yeyote, na akajaribu kumunyooshea mukono. Ule muzima.

Mama aliweka mikate aliyokuwa ameibeba juu ya kitanda, akatoka. Tulipofika karibu na daraja la Lukuga akaniambia nisimamishe kamioneti, akashuka, akakaa kwenye majani pembeni ya barabara, na pale njo alilia, Yaya, kwa ajili ya mutoto wake, kama vile tumemuzika jana.

Alipopanda tena akaniambia anakuja kwako. Alisema hamukimbii Papa, na hamufukuzi. Lakini yule mutoto hawezi kurudi Bendera mbele ya muguu wake kupona, na dokta anataka awe karibu. Papa anatafuta chumba, na sisi wote tunajua chumba kiko wapi: ni kile cha Jérôme wetu, kimefungwa na hakuna anayelala. Tulipofika nyumbani Mama alisema, “Muwaweke pale. Mimi siwezi kuwafukuza na siwezi kuwaangalia. Niende kwanza kwa Dorothée.” Papa alisikia, alisimama nyuma ya mulango. Hakumuzuia. Alienda kutengeneza kifungio cha sanduku lake kilichokuwa kimevunjika.

Kwa hiyo, Yaya, hii barua hakuna muntu wa treni aliyeileta. Ni Mama mwenyewe. Kama unaisoma, basi amekaa hapo karibu nawe, amechoka na njia ya siku nyingi kupitia Kabalo na Kamina. Nilipomuambia juu ya barua, yeye njo alisema nikuandikie yote, nisifiche hata unga, ili asilazimike kuyasema kwa mudomo wake tena. Alisema maneno yake aliyamaliza Jumapili. Basi usimuulize. Umupokee sanduku, umuwekee maji ya kuoga, umuachie Noëlla apande kwenye mapaja yake. Kama siku moja ataanza mwenyewe, umusikilize. Na kila utakapopata muntu wa kuja huku, umutumie neno kwangu, kwa sababu najua atataka kusikia habari ya ule mukono, na mimi nitakuandikia ukweli, uwe muzuri ao mubaya.

Muguu leo ulichezesha vidole viwili. Dokta aliita musaidizi wake aje aone.

Wasalimie majirani wote wa Kalemie wanaokaa huko karibu nanyi. Umusalimie shemeji kwa heshima. Ndagala zilizo kwenye kifurushi cha buluu ni zenu, zile za kifurushi cheupe ni za mama mukwe wako. Papa Cyrille anakusalimia.

Papa pia anakusalimia. Nilimuambia kuna nafasi chini, aandike mwenyewe neno kwa binti yake mukubwa. Alichukua kalamu, alikaa nayo mpaka chai yake ikapoa, kisha akanirudishia. Akasema nikuandikie kwamba barabara ya kwenda gare ya treni ina mashimo, na kwamba atamupeleka Mama yeye mwenyewe, polepole.

Ni mimi mudogo wako anayekupenda,

Françoise